Kutembezwa shamba la mikarafuu Pemba: nyota 4, ya 5 kaila dalali

Jamani mi sio mtu wa kuandika andika reviu lakini hii acha niandike, maana kabla ya kwenda nilitafuta maelezo ya Kiswahili sikupata, yote ya Wazungu wanaelezea ufukwe na kupiga mbizi, hakuna hata mmoja aliyesema kama njia ina matope au kama mtoto ataweza.

Tulienda mwezi wa 9 likizo fupi, mimi na mwanangu wa miaka tisa na shemeji yangu ambaye kwao ni Chake Chake ila toka aje Dar hajakanyaga shamba, yaani Mpemba wa Kariakoo huyo, mikarafuu anaijua kwenye picha tu. Boti mpaka Mkoani, mle mkondoni nusu ya abiria vifuko vilikuwa mdomoni na mimi nikiwemo, tuliache hilo.

Naanza na la kuudhi tulimalize. Mjini kuna mtu alitufungia safari, dalali wa hizi mambo za kutembeza wageni, akatuambia dola 40 kwa kichwa, nikamwambia kaka sisi Watanzania hizo dola tunazitoa wapi, tukabishana mpaka ikawa elfu 45 mtoto nusu. Tunafika shambani mwenye shamba anashangaa, anasema yeye anachukua elfu 15 na chakula ndani yake. Elfu 15! Kwahiyo msipite kwa mtu, ukishafika Chake ulizia wenyeji, kila mtu ana ami au mjomba mwenye shamba na watakuunganisha bila longolongo.

Haya sasa, shamba lenyewe. Kama umeshafanya ile spaisi tua ya Unguja kule Kizimbani basi isahau kabisa, huku hakuna wa kukusukia kofia ya makuti wala tai, hakuna kijana wa kupanda mnazi huku anakuimbia halafu akishuka anakuangalia mkononi. Huku watu wako kazini na wewe ndo unawapisha njia. Mi nimependa hivyo ila najua kuna watu watalalamika.

Pemba sio milima, msije mkabeba buti za Kilimanjaro, kilima kirefu kuliko vyote kisiwani hakifiki hata mita 150, lakini yakhe vimepangana! Unapanda, unashuka kwenye bonde la mpunga, unavuka kwenye tuta jembamba hivi, unapanda tena, na udongo ule mwekundu ukipata umande tu unateleza kama sabuni. Tulitembea masaa matatu na kidogo, raba za kawaida zinatosha, ndala hapana, shemeji alivaa ndala nikamwokota mara mbili.

Mwenye shamba ni mzee wa makamo, shemeji akamwita ami na sisi wote tukamwita ami. Kipande cha juu ni cha urithi, cha chini bondeni ni zile eka tatu alizopewa baba yake baada ya Mapinduzi. Nikamuuliza swali la kijinga, kwanini Pemba ndo karafuu wakati Unguja ndo kwenye mji, akacheka akasema mwaka 1872 kilipiga kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja kama mtu anafyeka majani, huku kikatupitia pembeni, toka hapo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka Pemba mpaka leo. Mti mmoja pale juu hatukuweza kuukumbatia mimi na mtoto, ami anasema babu yake aliukuta ushasimama.

Aliyetutembeza hasa ni kijana wake, mjuzi lakini ana haraka na simu haimtoki mkononi, iliki na vanila alizipita kama kituo ambacho daladala haishushi, ikabidi nimrudishe. Kungumanga ndo alitupasulia vizuri, ukifungua ganda unakuta mbegu imevalishwa wavu mwekundu wa basibasi, mwanangu akasema imepakwa rangi ya kucha. Pilipili manga inapanda juu ya mti mwingine kama nyoka, mdalasini unachubua gome hapo hapo unatafuna. Sawa, hayo yapo kila mahali.

Uzito uko kwenye uchumaji. Mtu yuko juu huko mita kumi au zaidi kwenye matawi membamba, pakacha kalining'iniza pembeni, na ngoe mkononi, yaani fimbo yenye ndoano, anavuta kishada anakichuma bila kuvunja tawi. Karafuu inachumwa ikiwa bado tumba limefumba, ndo kwanza inaanza kuwa na wekundu, ikishachanua ua imeharibika thamani. Kijana mmoja akavunja tawi, ami akapiga kelele toka chini, "Tawi hilo ungelinunua shilingi ngapi wewe?" Kimya shamba zima. Baadae ndo akanielezea, tawi likivunjika mwakani hapo hapati kitu, na mti wenyewe unasubiriwa miaka sita, saba, nane ndo uanze kuzaa. Na watu wanaanguka, kila msimu wanaanguka, aliyasema hayo bila kubadilisha sauti, mi nilikuwa namwangalia yule wa juu miguu inanitetemeka kwa niaba yake.

Angalizo la watoto: majimoto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kutengeneza kiota, mikarafuu imejaa, mwanangu aliegemea shina apigwe picha tukasikia ukunga. Hawana sumu ya kukudhuru ila wanang'ang'ania, mvalisheni suruali ndefu.

Mchana tukashuka nyumbani kwa ami, muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga na juisi ya mabungo, sisemi zaidi ya hapo, elfu 15 jamani. Choo kipo hapo nyumbani tu, huko juu hakuna, kwahiyo jipangeni mapema.

Halafu ikaja sehemu ambayo haipo kwenye ratiba wala dalali hakuitaja. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye majamvi wanachambua, bibi mmoja akanisogezea rundo langu. Unakamata kishada, unakibana na kiganja cha mkono mwingine, unazungusha, karafuu zinamwagika huku makonyo yanabaki huku. Wao wanafanya wanaongea, hawaangalii hata. Mi nahangaika na moja moja, bibi akaniangalia kwa muda akaniuliza, "Mwanangu, unazichambua au unazihesabu?" Wakacheka wote, shemeji ndo kazidi. Baada ya nusu saa kiganja kinawaka, halafu kikafa ganzi kabisa, ndo nikaelewa kwanini ukiumwa jino bibi zetu wanakwambia weka karafuu.

Tukiwa hapo likatanda wingu. Hakuna aliyetoa amri, kila mtu kasimama, majamvi yanakunjwa pembe kwa pembe, karafuu zinabebwa ndani mbiombio, mimi nimeshika pembe moja na mtu ambaye sijui hata jina lake ananiambia vuta, vuta, na mwanangu kapewa ungo anakimbia nao kama ndo kwao. Zile zina siku tatu juani, zikinyeshewa zinaota ukungu na daraja linashuka. Ami anasema kilo tatu mbichi ndo zinakuja kuwa kilo moja kavu, kwahiyo ukiona gunia limejaa ujue limepungua mara tatu na kuna mtu ameling'ang'ania kila siku na jua lake. Mvua yenyewe ilinyesha dakika kumi ikakatika, zikaanikwa upya.

La mwisho muhimu sana. Nikataka kununua kilo mbili za kurudi nazo Dar, ami akakataa kata kata. Karafuu kule mkulima anaiuzia ZSTC, shirika la serikali, basi, na bandarini wanakagua kweli kweli kwasababu ya magendo, yule wa elfu 45 hakutuambia hili na tungekamatwa na mfuko tungejibu nini? Ukitaka nunua ile iliyofungashwa vizuri dukani. Ami akanipa mdalasini na pilipili manga bure. Hata makonyo hayatupwi, yanapelekwa kiwanda cha Wawi hapo karibu na Chake yanakamuliwa mafuta, tulipita kesho yake, mlangoni tu harufu inakufungua pua mafua yote yanaisha.

Muda wa kwenda ni msimu, kuanzia mwezi wa 7 au wa 8 mpaka karibu na mwisho wa mwaka, ila waulizeni kwanza maana mikarafuu haizai sawa kila mwaka, nje ya msimu utaona miti na maelezo tu na kwa hayo mi ningewapa nyota tatu. Bebeni maji na hela taslimu, mtandao kule bondeni unakata.

Mwanangu ameshaanza kuniuliza mwakani tunaenda lini, nimemwambia muulize baba yako, nauli ya boti anayo yeye.