TAHADHARI: "Garratt ya shaba" inayotembezwa Moshi na Arusha si shaba, wala si Garratt

Wadau wa Moshi na Arusha, kuna jamaa anatembeza kwenye magrupu ya WhatsApp picha za modeli ya injini ya treni ya mvuke ya zamani, ile aina iitwayo Garratt. Anaiita "Garratt ya Kilimanjaro". Anasema imetengenezwa kwa mkono, shaba tupu ya njano, zipo chache dunia nzima, na hii aliachiwa na babu yake aliyekuwa dereva wa reli. Bei inaanzia milioni mbili na laki nne. Ukisita kidogo inashuka mpaka milioni moja na laki mbili, maana ghafla ana mgonjwa hospitali.

Ninaowafahamu waliokwisha kulizwa ni wawili. Mmoja ni mzee wangu wa Pasua, mstaafu wa reli. Mwingine ni mama mwenye nyumba ya wageni Arusha, alitaka kitu cha kupendezesha mapokezi. Mzee alipata mzigo. Mama hakupata hata boksi.

Ule mzigo wa mzee uliletwa karakana kwangu, kwa kuwa mimi ni fundi wa kukereza na shaba naishika kila wiki. Niliponyanyua tu nikajua. Shaba ya njano ina uzito wa karibu gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kitu cha ukubwa ule kinatakiwa kikuvute mkono. Hiki ungempa mtoto acheze nacho. Nikakwaruza chini ya fremu, mahali pasipoonekana: rangi ya dhahabu ikabanduka, ndani pakatokea resini ya kijivu (ule utomvu unaomiminwa na kuganda). Shaba halisi ukiikwaruza unakuta njano ileile mpaka ndani.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wanapopigwa. Jamaa ana video anabandika sumaku kwenye modeli, sumaku inaanguka, naye anasema, "Mnaona? Haishiki, hii ni shaba." Kweli shaba haishikwi na sumaku. Lakini resini nayo haishikwi, plastiki haishikwi, alumini haishikwi, hata zile aloi za zinki zinazopakwa rangi ya dhahabu hazishikwi. Sumaku inakuonyesha kwamba si chuma, basi. Na ajabu yake ni kwamba modeli halisi ya shaba mara nyingi ina ekseli au matairi ya chuma, na ikiwa na mota, ndani ya mota kuna sumaku. Modeli ambayo sumaku haishiki popote ndiyo ya kutilia shaka.

Tuje kwenye historia yake, ambayo anaisimulia kwa sauti ya huzuni. Anadai injini hii ndiyo iliyoleta treni ya kwanza Moshi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani, na Arusha ikafikiwa mwaka 1929 chini ya Mwingereza. Zile Garratt kubwa za reli ya Afrika Mashariki zenye majina ya milima, daraja la 59, zilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester kuanzia mwaka 1955, yaani zaidi ya miaka arobaini baada ya treni kufika Moshi. Zilikuwa 34, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, na kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Mbili bado zipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili ni ya kwetu, Gelai iko Longido na Shengena iko Upareni. Mzee wa Pasua haya yote anayajua kuliko mimi. Ila aliamkiwa "shikamoo baba" na kijana anayelia kuhusu babu yake wa reli, moyo ukalainika. Simlaumu hata kidogo.

Na umbo lenyewe linasema. Garratt ina boila (tangi la kuchemshia maji) katikati, limening'inia kati ya seti mbili za matairi, mbele na nyuma. Ukiitazama daraja la 59 kwa ubavu mmoja unahesabu matairi 14. Ya jamaa ina saba, na nyuma inavuta tenda, yaani kibehewa cha makaa na maji. Juu ya boila kuna kengele, kama injini za Marekani. Cheti chake kinasema kipimo ni 1:87. Injini halisi ilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Gawanya kwa 87 unapata sentimita 37 hivi. Niliipima ya mzee, ina sentimita 58. Aliyechapa cheti hakujisumbua hata na kikokotoo.

Kuna wanaoambiwa kwamba shaba yake ilitolewa kwenye injini halisi iliyokatwa. Kama ni uongo, umeibiwa. Kama ni kweli, huenda umenunua mali ya reli iliyoibwa. Sioni upande wa kushinda hapo.

Kwa yule mama mchezo ulikuwa mwingine. Alitoa advansi ya nusu, akatumiwa picha ya risiti ya parseli ya basi, kesho yake akapigiwa kwamba mzigo umekamatwa mpakani Holili na unadaiwa ushuru, atume laki tatu kwa "afisa". Ndugu zangu, ushuru wa TRA unalipwa kwa kontrol namba, hautumwi kwenye simu ya mtu. Halafu lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, lisomeni. La "afisa" na la muuzaji lilikuwa moja, limebadilishwa mpangilio tu. Baada ya hapo simu ikazimwa.

Anayetaka modeli ya kweli amwombe muuzaji video akiigeuza chini juu, azungushe matairi kwa kidole, na fito za pembeni zinazounganisha matairi zionekane zikienda pamoja nayo. Kwenye hii ya resini zimegandishwa. Mkutane mchana, mahali penye watu, hela itoke baada ya kukwaruza.

Namba zake sizibandiki hapa kwa sababu anazibadilisha, na kesho inaweza kuwa namba ya mtu asiye na hatia. Nimeshazituma 15040 ya TCRA. Mama amechukua RB polisi Arusha, na mwingine aliyelizwa asifute meseji wala muamala, akafungue ya kwake. Mzee hataki kwenda, anasema ataibakiza kabatini wajukuu waichezee.