Beringi ya juu ya pampu ya kusimama: uzoefu wangu na SKF 7318

Wengi wananunua beringi kwa kupima shimo tu, na mi naona hapo ndo tatizo linapoanzia. Mi ni fundi mitambo kwenye kituo cha kuvuta maji ya mto huku Morogoro, pampu zetu ni za kusimama, mota iko juu, shafti ndefu inashuka mpaka kwenye impela, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, huko majini. Beringi ya juu ya mota ndo inabeba kila kitu, uzito wa rota (sehemu ya mota inayozunguka), shafti na impela, halafu maji nayo yakisukumwa juu yanaikandamiza impela chini, mzigo wote huo unaishia hapo juu.

Kontrakta aliyepita alifunga 6318, beringi ya gololi ya kawaida. Ukiiweka meza moja na 7318, ile ya gololi zinazobeba mzigo kwa pembe, vipimo ni vilevile, shimo milimita 90, nje 190, upana 43, inaingia bila shida kabisa, ndo maana mtu anadanganyika. Ila 6318 kazi yake kubwa ni mzigo wa ubavuni, huu wa kukandamiza toka juu muda wote unaimaliza. Tulipoifungua njia ya gololi ilikuwa imepanda mpaka ukingoni, upande mmoja tu, chuma kimebanduka kama magamba na grisi nyeusi inameremeta unga wa chuma.

Tukaweka 7318 BECBM ya kampuni ya SKF. Hiyo B ni pembe ya nyuzi 40 ambayo gololi zinagusana na ringi, yaani imeundwa kubeba mzigo wa kushuka, na M ni keji, kile kizimba kinachoshika gololi, ya brasi, ngumu kweli. Mota imetulia, ule mngurumo wa zamani hakuna na joto limeshuka, kwa kweli nimeridhika sana.

Ila jamani hii beringi ina upande! Ikiwa moja peke yake, ukingo mnene wa ringi ya nje ukae chini, ukiigeuza gololi zinakalia ule ukingo mfupi na inakufa mapema sana. Na kama pampu yako inanyanyua shafti wakati wa kuwasha, moja haitoshi, unahitaji mbili zilizopeana mgongo. Kuifunga usigonge nyundo, ipashe kwa hita ya beringi kama nyuzi joto 110 itateleza yenyewe.

Grisi nayo watu wanashindilia mno. Chukua kipenyo cha nje zidisha kwa upana zidisha kwa 0.005, hapa inakuja gramu kama 41, basi. Pima kwenye mizani bomba lako la grisi linatoa gramu ngapi kwa kila mkandamizo, fungua plagi ya chini ile ya zamani itoke. Kwa shafti ya kusimama muda wa kuongeza grisi unaugawa nusu ya ule wa mota ya kulala, na usichanganye grisi ya poliyurea na ya lithiamu hata kama rangi zinafanana.

Zile beringi za mpira zinazoshika shafti huko chini ni habari nyingine, zenyewe zinalainishwa na maji, kwa mto wenye mchanga nazipenda kuliko za brozi kwa sababu mchanga unapita kwenye mifereji yake, ila zilizo juu ya usawa wa maji zimwagie maji kwanza kabla hujawasha.

Bei iko juu, sifichi. Feki pia ni nyingi mtaani, piga picha boksi na beringi utume kwenye app ya SKF Authenticate wakuhakikishie kabla hujalipa.