Mshauri wa Maombi ya Shahada ya Sheria, Mwanga, Kigoma

Mwanangu wa kwanza alikosa nafasi ya chuo kwa kosa dogo ambalo linaniuma mpaka leo. Kijana wa kafe ya intaneti aliyemjazia maombi aliweka namba yake mwenyewe ya simu, na mwanangu alipochaguliwa na vyuo viwili, ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ilikwenda kwa mtu ambaye siku hizo hakupatikana, muda ukapita. Kwa hiyo zamu ya binti wa marehemu kaka yangu ilipofika, naye amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na tangu udogo wake anautaka uwakili, nilimpeleka kwa mama mmoja mwenye ofisi ya ushauri Mwanga, juu ya duka la madaftari.

Jambo la kwanza alilofanya mama huyu ni kukataa kujaza fomu. Alimgeuzia binti kompyuta, akamwambia, "Mwanangu, kaa wewe hapa, mimi nitakaa pembeni," akamsimamia mpaka akafungua barua pepe yake na kuweka namba yake. Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, kila chuo na mfumo wake, hivyo kuomba kwa kubahatisha ni kupoteza fedha. Binti alikuwa na B ya Historia na C mbili, za Jiografia na Kiingereza, alama zinazovuka pointi 4 za masomo mawili zinazotakiwa kwa shahada, lakini aliambiwa wazi kwamba kufikia kiwango cha chini si kuchaguliwa. Walisoma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mstari kwa mstari, wakabakiza vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Mzumbe na Dodoma, na stashahada ya sheria ya chuo cha Lushoto ikawekwa akiba.

Kilichonipa imani zaidi ni kwamba hakumficha binti urefu wa safari. Alimweleza kuwa shahada peke yake haimfanyi mtu wakili, kwamba mbele yake iko Law School of Tanzania, shule ya mafunzo ya uwakili iliyoko Dar es Salaam, na kwamba mwaka 2022 matokeo yake yalionyesha wanafunzi 26 tu kati ya 633 wamefaulu moja kwa moja, hata serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Binti alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hao 26 walisomaje?" Mama yule hakumjibu kwa maneno. Alimfungulia hukumu moja ya Mahakama ya Rufani kwenye tovuti ya TanzLII, ambayo husomwa bure, akamtaka arudi baada ya wiki na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Muhtasari wa kwanza ulirudishwa umejaa wino mwekundu. Wa tatu ulipita.

Kwenye mkopo ndiko alikotuokoa. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Aliviinua vyeti vyote viwili dirishani, kimoja kando ya kingine, akatuonyesha kwa kidole: cha binti kimeandika jina la baba "Ramadhani", cha kifo cha kaka yangu "Ramadhan". Mimi nilikuwa nimekaa na karatasi hizo miaka mitano bila kuiona herufi hiyo. Tulianza marekebisho siku ileile, na dirisha la mkopo lilipofunguliwa karatasi zetu zilikuwa tayari.

Kasoro ninayoiona ni bei. Haikubandikwa popote, nasi tuliambiwa shilingi 30,000 mwishoni kabisa. Kwa mzazi aliyetoka Uvinza na nauli ya kuhesabu, hilo lingefaa kujulikana mlangoni. Pia yuko peke yake, na matokeo yakitoka foleni hushuka ngazi mpaka barabarani, kwa hiyo atakayemhitaji aende mapema, akiwa na vyeti halisi wala si nakala.

Ujumbe wa Mzumbe uliingia usiku, kwenye simu ya binti mwenyewe. Alithibitisha akiwa amekaa barazani kwetu Ujiji, na mimi nikimmulikia tochi.