PhET darasani Nakivale: uzoefu wangu wa muhula mmoja

Kwa miaka kadhaa nimewaambia wanafunzi wangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, kwamba balbu haili mkondo wa umeme. Wanaitikia, wanaandika daftarini, halafu kwenye mtihani wananijibu kuwa balbu ya pili hupata umeme kidogo kwa sababu ya kwanza imeshautumia. Siwalaumu. Kitu kisichoonekana ukikieleza kwa chaki tu, mtoto hujitengenezea picha yake kichwani, na picha hiyo haifutiki kwa dasta.

Muhula uliopita nikajaribu PhET, majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni ya bure. Ila kwangu lililo kubwa ni kwamba jaribio zima hupakuliwa kama faili moja, unalibeba kwenye fleshi, linafunguka bila intaneti. Nilipakua mjini Mbarara siku ya Jumamosi. Jumatatu niliingia kidato cha 3 na laptopu moja, projekta ya kuazima na shuka jeupe tulilolitundika ukutani. Umeme wa sola.

Tukaunga saketi: betri, swichi, balbu mbili kwa mfuatano. Elektroni huonekana kama vidoti vya buluu ndani ya waya. Swichi ilipowashwa, vidoti vyote viliondoka kwa pamoja, vikapita balbu ya kwanza, vikapita ya pili, vikarudi kwenye betri kwa mwendo uleule. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, kumbe zinarudi zote!"

Alisema kwa Kiswahili, nami nikamwacha aendelee. Fizikia tunaifundisha kwa Kiingereza, na wengi wa watoto hawa wametoka Kongo, walianza shule kwa Kifaransa na Kiswahili. Kwenye vipindi vyangu huwa kimya, nami nilidhani hawajui. Siku hiyo walibishana mpaka kengele ikalia. Niliwataka wabashiri kabla ya kuunga chochote: sarafu itapitisha umeme? Kifutio je? Penseli ndiyo iliyozua ubishi mkubwa, wengine wakishikilia kuwa ni mti, wengine kwamba ndani kuna grafiti. Ikapitisha. Kisha mmoja akaunga ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto ukatokea kwenye skrini. Kosa hilo sithubutu kuwaruhusu walifanye kwa betri halisi, na hapo walilielewa bila mtu kuungua.

Sasa upungufu wake. Wiki iliyofuata tulitoa vifaa halisi mezani, na vijana waliokuwa mafundi kwenye skrini wakakwama. Katika kompyuta waya hugusana vizuri daima na betri haichoki. Mezani klipu inalegea, waya una kutu, mshale wa ameta, kile kipimio cha mkondo, unatetemeka na lazima uusome ukiutazama wima. Mtihani wa vitendo wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, unafanywa kwa vidole, haufanywi kwa kipanya. Kwa hiyo sasa natumia skrini dakika kumi na tano za mwanzo, kisha tunahamia mezani saketi ileile ikiwa bado vichwani. Shule ambayo ingefuta maabara na kuweka hii mahali pake ingewadhulumu watoto.

Jambo jingine: laptopu moja kwa darasa kubwa ni kazi. Mwalimu akishika kipanya mwenyewe, inageuka sinema. Nawapa wao, kikundi kwa kikundi, mimi nasimama nyuma nauliza maswali. Baadhi ya majaribio yametafsiriwa kwa Kiswahili, lakini nafungua ya Kiingereza, kwa kuwa maneno ya mtihani ni hayo, na maelezo tunayatoa kwa lugha yoyote inayotufikisha.

Faili la mawimbi kwenye kamba liko tayari kwenye fleshi. Yule msichana ameshaniomba awe wa kwanza kushika kipanya.