Mdakaji wa pasi: mbio au ufundi?

Kila drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ikikaribia, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ubishi ni uleule: mdakaji apimwe kwa mbio au kwa ufundi wa kukata njia, yaani kugeuka ghafla ili kumwacha beki? Tazama ya mwaka 2017. John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, timu ya Cincinnati ikamchukua nafasi ya 9. Cooper Kupp alitumia sekunde 4.62, akasubiri hadi nafasi ya 69, kwa timu ya Rams.

Kwa bei, yaani nafasi iliyotumika kumpata, fundi Kupp alishinda waziwazi. Kwa uhakika pia: msimu wa 2021 Kupp alidaka pasi 145 za yadi 1,947, ilhali Ross msimu wake wa kwanza hakudaka hata moja. Majeraha hayachagui, Kupp naye aliumia goti 2018.

Nikimpima mdakaji, mimi huanza na miguu. Anapunguza mwendo kwa hatua ngapi kabla ya kugeuka? Zikiwa nyingi, beki keshajua anakokwenda.

Lakini mbio hazifundishiki, na beki anayeziogopa hurudi nyuma, wenzake mdakaji wakapata nafasi. Timu yenye mrushaji wa pasi ndefu na mafundi tayari, imchukue mwenye mbio. Mrushaji akiwa bado kinda, anayehitaji mtu wa pasi fupi za haraka, mtafutie fundi.