Tahadhari: longeroni za mastiki zinazouzwa Lubumbashi kwa wenye kabrioleti za zamani

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kolwezi, hasa ninyi mnaofufua magari ya zamani nyumbani: kuna muuzaji anazunguka akitafuta wenye magari ya wazi, yale yenye paa la turubai. Anawauzia longeroni, zile boriti za chuma zinazopita chini ya milango kutoka mbele hadi nyuma. Anasema zimetoka Bulaya, chuma kizima. Si kweli. Ni kutu iliyojazwa karatasi, ikavishwa bati la kuezekea nyumba, ikafunikwa kwa mastiki, ule uji mzito wa kuziba mashimo ya bati unaokauka ukawa mgumu, kisha ikapakwa rangi nyeusi nzito. Sisi ametuuzia, na tumeshakutana na familia nyingine aliyoiuzia kitu kile kile.

Jina lake siandiki. Malalamiko yetu yako kwa OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, na kwa kila mteja anajiita jina jingine. Mtamtambua kwa namna anavyofanya kazi yake, ndiyo maana nitaieleza kwa urefu.

Gari letu ni Peugeot 404 kabrioleti. Muzee wetu alilinunua miaka ya Zaire kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Lilitupeleka kanisani, lilibeba maharusi wa mtaa mzima, kisha likalala chini ya mwembe muda mrefu likiliwa na kutu. Sasa muzee amestaafu na anataka kulipanda tena akiwa na nguvu zake, na sisi watoto tumekubali kazi hiyo kwa moyo wote. Mjomba, aliyechomelea mabehewa ya treni maisha yake yote, ndiye anayeongoza upande wa mabati. Mdogo wangu ameshika injini. Mama mdogo ni mshonaji, anashona paa jipya la turubai kwenye cherehani yake ya miguu, na watoto wanasugua boliti kwa brashi ya waya kila Jumamosi. Nayasema haya ili mjue mtu huyu hakumwibia tajiri anayecheza na magari. Dola tulizomlipa zilichangwa na watu wengi, kila mmoja na kidogo chake.

Wanaolijua gari hili wanajua shida yake. Injini haisumbui sana, kwa kuwa ni ile ya sentimita za ujazo 1618 iliyowekwa kwenye 404 nyingi, na vipande vyake bado vinaonekana sokoni. Mwili ndio taabu. Mwili wa kabrioleti ulitengenezwa na kampuni ya Pininfarina huko Turin, Italia, na mabati yake ya nje si yale ya 404 ya kawaida yenye paa la chuma; hata kioo cha mbele ni kingine. Kwa hiyo mwenye kabrioleti anatafuta kitu adimu, na kila fundi aliyemuuliza anajua kwamba anakitafuta. Hapo ndipo muuzaji huyu anapoingia. Hakungoja tumtafute, alipiga simu mwenyewe, akataja rangi ya gari letu na ubovu wake kana kwamba amelala chini yake.

Anatuma picha nzuri, ila ziangalieni vizuri: miisho ya longeroni haionekani kamwe, picha imekatwa pale pale ambapo ungetaka kuona. Anataja bei ya juu kwa dola, kisha anaishusha haraka kuliko mfanyabiashara yeyote niliyemwona, kwa sharti moja: avansi, yaani malipo ya kwanza, ilipwe leo, kwa sababu lori liko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na ushuru haujalipwa. Pesa anataka itumwe kwa simu, na jina linalotokea kwenye ujumbe si lake. Ukiuliza, atasema ni namba ya mke wake. Familia ile nyingine nayo iliambiwa habari ya lori na ya mke, neno kwa neno.

Muzee alimuuliza vipande vimetoka kwenye gari la mwaka gani. Akajibu bila kusita: kabrioleti ya mwaka 1972. Sasa, Peugeot ilionyesha 404 kabrioleti mwaka 1961 na ikaacha kuitengeneza mwaka 1968. 404 ya kawaida ndiyo iliyoendelea kutoka viwandani Ufaransa hadi 1975. Muzee alimwambia hivyo palepale, naye akageuza maneno: ati alikuwa anasema mwaka ambao gari liliandikishwa. Mtu mwenye ulimi wa namna hiyo hakosi jibu, kwa hiyo msitegemee kumkamata kwa maswali. Mkamateni kwa sumaku.

Mzigo ulikuja jioni, umeme ukiwa umekatika mtaani, umefungwa kwa turubai na kamba. Rangi ilikuwa bado inanuka. Mjomba alitaka kukwangua kidogo kwa kisu, akazuiwa: "Muzee, hii haiko ya kuiga, ni ya Bulaya kabisa. Mukikwaruza rangi, garanti inakufa." Hakuna garanti ya namna hiyo duniani. Chuma kinachokwenda kuchomelewa ni lazima rangi yake itolewe kwanza, la sivyo moto haushiki. Muuzaji wa longeroni asiyetaka rangi ikwaruzwe amekwisha kukuambia kilichomo ndani.

Asubuhi yake mdogo wangu alichukua sumaku ya spika iliyokufa, akaifunga kitambaa, akaipitisha polepole juu ya longeroni kuanzia mbele. Mwanzoni ilishika vizuri. Ilipofika chini ya mahali pa mlango ikalegea, kisha ikaanguka. "Yaya," akaniita mimi mkubwa wake, "huku haishiki." Akairudisha, ikaanguka tena. Mjomba akagonga kwa spana: upande wa mbele chuma kililia, katikati sauti ikawa butu kama ya kugonga kibuyu chenye unga. Ndipo akawasha mashine ya kusagia chuma. Kila mtu aliyewahi kushika mashine ile anajua kwamba chuma hutoa cheche. Pale hapakuwa na cheche, palitoka vumbi la rangi ya maziwa, likatanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Mastiki tupu, nene kama kidole gumba. Chini yake bati la kuezekea lililoshikizwa kwa nukta chache za moto, na ndani ya boriti karatasi za mifuko ya saruji zilizokunjwa na kushindiliwa. Chuma cha asili kilichobaki mjomba alikivunja kwa mkono, kikameguka vipande vipande.

Mtu anaweza kusema: ni mastiki, mbona kila garaji inaitumia? Ni kweli, kidogo, kwa kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima, si vibaya. Kwenye longeroni ya gari la wazi ni jambo jingine kabisa. Gari lenye paa la chuma hushikwa juu na chini: nguzo za milango zimefungwa kwenye paa, na paa linasaidia kubeba. Likiondolewa paa, mzigo wote unashuka kwenye sakafu na kwenye longeroni mbili. Ndiyo sababu waliotengeneza magari haya walitia nguvu chini yake kuliko kwenye yale yenye paa. Longeroni ikioza, gari linazama katikati. Kwanza milango inagoma kufunga, halafu nafasi ya juu ya mlango inabana na ya chini inapanuka. Weka watu wanne ndani, lipitishe kwenye mashimo ya barabara zetu masika, na siku likigongwa ubavuni hakuna chuma kati ya lori na mbavu za mtoto. Mtu anayejua haya na bado anauza boriti ya karatasi anauza kifo, na sitalipunguza neno hilo.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana wa garaji hawaambiwi. Bati la kuezekea limepakwa zinki. Ukilichomelea, zinki inaungua na kutoa moshi mweupe, na anayeuvuta bila hewa ya kutosha huweza kushikwa usiku na homa, kutetemeka na kuumwa viungo, akadhani ni malaria. Familia ile nyingine hawakuwa na sumaku. Kijana wao alianza kuchomelea moja kwa moja ndani ya garaji iliyofungwa. Bati lilitoboka papo hapo kwa sababu ni jembamba mno, na kijana alilala akitetemeka chini ya blanketi. Mkiona moshi mweupe na majivu meupe kando ya mshono, simamisheni kazi mtoke nje.

Kabla ya kutoa hata franga moja, nendeni mkakione kitu chenyewe mchana. Bebeni sumaku na msumari. Tazameni miisho: longeroni iliyokatwa vizuri kwenye gari inaonyesha unene wa bati na tabaka zake, kwa kuwa ni boriti yenye ukuta wa nje na wa ndani. Ikiwa miisho imezibwa kwa mastiki au kwa rangi, ondokeni. Angalieni chini kama kuna matundu ya kutolea maji. Yetu ya zamani yaliziba kwa udongo mwekundu, maji ya mvua za Novemba hadi Aprili yakalala ndani mwaka baada ya mwaka. Hivyo ndivyo kutu ilivyokula gari kutoka ndani huku nje likionekana zima. Ile aliyotuuzia haikuwa na tundu hata moja, kwani yote yalikuwa yamefukiwa.

Na kama ni gari zima mnauziwa, lenye longeroni "zilizotengenezwa tayari", fungueni mlango, mtazame nafasi inayouzunguka, kisha inueni upande mmoja kwa kriki, yaani jeki. Nafasi ikibadilika waziwazi, au mlango ukikataa kurudi, gari hilo halina mgongo, hata ling'ae vipi.

Andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi iwe na jina kamili, namba ya kadi ya uchaguzi ya muuzaji ambayo mmeiona kwa macho, bei, na maneno yanayosema kitu ni nini: "longeroni ya chuma, haina mastiki." Muuzaji wa kweli hataogopa kuweka sahihi. Huyu wetu alipoombwa karatasi alicheka, akasema sisi ni ndugu, kati ya ndugu hakuna karatasi. Tulipompigia simu kuhusu mastiki akajibu kwamba kitu cha zamani ndivyo kilivyo, na baada ya hapo namba ikafungwa.

Sisi hatukuacha kazi. Mjomba amechukua bati jipya, akalikunja kwenye karakana moja yenye mashine ya kukunjia, akifuata kielelezo cha karatasi ngumu alichokata kwenye upande wa gari usiooza sana. Bei ilitoka chini ya ile avansi peke yake. Katika mji huu unaoishi kwa migodi, watu wanaojua kukunja na kuchomelea chuma ni wengi, na nashangaa tunavyokimbilia neno "Bulaya" wakati mafundi wako hapa. Ila msikate longeroni za zamani kabla ya kuchomelea bomba la chuma kukingama nafasi ya kila mlango, na msikate pande zote mbili kwa pamoja. Shughulikieni moja, pimeni, kisha mwende kwa nyingine, la sivyo mwili utajikunja na milango haitafunga tena.

Tumesikia kwamba sasa amehamia kwa wenye Volkswagen za wazi, zile ambazo mwili wake ulitengenezwa na kampuni ya Karmann. Hizo nazo zina vyuma vya kuongeza nguvu chini ya longeroni, na navyo huoza. Anasema anavyo vipya. Ameongeza pia vioo vya mbele na fremu za paa. Mahali pa kukutana anabadilisha: leo komini ya Kenya hapa hapa mjini, kesho Ruashi, kesho kutwa upande wa Kasapa.

Kama ameshawauzia, msiendeshe gari, na msikitupe wala kukivunja hicho kipande hata kama hasira imewapanda. Kateni sehemu ndogo tu ili ndani ionekane, mpige picha pamoja na sumaku. Tunzeni ujumbe wa simu wa kutuma pesa, wenye tarehe na namba, na zile picha alizowatumia. Kisha nendeni kwa OPJ wa komini yenu mkafungue malalamiko ya eskrokeri, yaani utapeli, kifungu cha 98 cha sheria ya adhabu ya Kongo. Ombeni nakala yenye muhuri kabla ya kutoka. Malalamiko moja yanaweza kulala mezani. Yakiwa kadhaa, yenye namba ile ile ya simu na hadithi ile ile ya lori la Kasumbalesa, hatakuwa na nafasi ya kusema ni kutoelewana kati ya mteja na muuzaji.