Muziki Uliotangulia Picha: Tathmini ya Once Upon a Time in the West

Filamu hii ya mwaka 1968, iliyoongozwa na Mwitaliano Sergio Leone, nimeitazama tena wiki iliyopita kwa ajili ya muziki wake tu. Ennio Morricone, aliyesoma shule ya msingi pamoja na Leone mjini Roma, aliutunga kabla picha hazijaanza kupigwa, na Leone akawa anawachezea waigizaji muziki huo wakiwa kazini. Ndiyo maana hatua zao, na hata mwendo wa kamera, vinaufuata muziki badala ya muziki kuvifuata.

Hata hivyo, filamu inaanza bila muziki wowote. Wauaji watatu wanasubiri treni, nasi kwa muda mrefu tunasikia kinu cha upepo kikikwaruza, maji yakidondokea kofia ya mmoja wao, na nzi akimsumbua mwingine. Masikio yakishazoea ukavu huo, treni inaondoka, na hapo ndipo kinalia kinanda cha mdomo cha mtu aliyesimama ng'ambo ya reli, ambaye jina lake hatulijui hata filamu inapoisha.

Tukio lililonishika zaidi ni la Jill, anayechezwa na Claudia Cardinale, anaposhuka stesheni na kukuta hakuna aliyekuja kumpokea. Anatazama saa yake, anasubiri, kisha anaingia ofisini kuulizia njia, huku sauti ya Edda Dell'Orso ikiimba pasipo neno hata moja. Kamera inapopanda juu ya paa na kuufunua mji mzima, okestra nayo inapanda. Nilirudia tukio hilo nikiwa nimezima sauti, nikaona abiria anayeuliza njia, basi. Upweke wake na ujasiri wake vyote vilikuwa vimebebwa na muziki.

Kwa Frank, muuaji anayechezwa na Henry Fonda, Morricone ametumia gita la umeme lenye mlio mkali unaochoma. Linaingia ghafla mtoto anapotoka mbio nyumbani na kukuta jamaa zake wameuawa, kabla hatujauona uso wa muuaji, kiasi kwamba watazamaji waliomzoea Fonda katika nafasi za watu wema walikwisha kuhukumu kabla hawajamtambua. Tena, ndani ya wimbo huo huo kinasikika kile kinanda cha mdomo. Muziki umekwisha kuwafunga pamoja maadui wawili muda mrefu kabla filamu haijatueleza deni lililoko kati yao, na deni hilo linapofichuliwa, tunafahamu kwa nini kinanda kile kililia kama mtu anayekosa pumzi.

Kasoro ninayoiona ni wimbo wa Cheyenne, jambazi mwingine wa filamu hii, wenye banjo na mluzi, ambao wepesi wake unapunguza uzito wa baadhi ya matukio. Nawashauri mtumie spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu kwenye spika ya simu nyuzi za chini za okestra hazisikiki kabisa.